Fungu si Kundi

Sokoni kwetu pwani samaki huuzwa kwa mzani, kwa mtungo au kwa fungu. Fungu ndilo la mnyonge. Mchuuzi humwaga samaki wake wadogo juu ya gunia, akawagawa kwa kiganja, hapa changu wawili, pale tasi watatu na dagaa wa kuongezea, na mnunuzi akachagua fungu limpendezalo. Samaki wa fungu moja hawakuwa na uhusiano wowote kabla ya kufa. Mmoja alinaswa ndani ya dema, wa pili alivuliwa kwa mshipi, na aliyewakutanisha ni mchuuzi. Kundi ni jambo jingine. Kundi hufanywa na samaki wenyewe, nao hulifanya wakiwa hai. Naanza na maneno haya mawili mepesi kwa sababu, kama nilivyokuja kuelewa uzeeni, historia ya watu wa Ulaya na Marekani kufuga samaki wa baharini nyuma ya kioo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliokuwa na mafungu wakidhani wana makundi.

Kazi yenyewe haina umri mkubwa. Mwaka 1832, katika mji wa Messina kisiwani Sicily, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alijitengenezea masanduku ya kioo ili amchunguze mnyama mmoja wa jamii ya pweza, mwenye gamba jembamba kama karatasi. Wataalamu walikuwa wakibishana kama gamba lile ni lake au amelipora kwa mwingine. Bibi huyo alikaa mbele ya kioo mpaka akaona kwa macho yake kwamba mnyama hulijenga mwenyewe, na likivunjika huliziba. Mwaka 1846 huko Uingereza, Anna Thynne alirudi London kutoka pwani ya Torquay na matumbawe madogo ndani ya mtungi. Maji ya bahari yakituama huvunda, na bahari ilikuwa mbali. Akamwagiza mtumishi wake ayamimine maji yale kutoka chombo kimoja hadi kingine, kila siku, ili yaingie hewa. Vitabu humtaja bibi. Mimi humfikiria zaidi mtumishi, maana pampu ya kwanza ya tangi lile ilikuwa mikono yake.

Miaka minne baadaye mkemia Robert Warington alieleza jinsi mimea, konokono na samaki wanavyoweza kusaidiana ndani ya chombo kimoja: mimea ikitoa hewa safi, konokono wakila uchafu. Mwezi Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua Nyumba ya Samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya tangi la bahari. Hapo Waingereza wakashikwa na wazimu. Kila nyumba yenye uwezo ilitaka tangi sebuleni. Watu walishuka ufukweni kwa magari ya moshi, wakiwa na ndoo na patasi, wakabandua kila kilichobanduka. Mwaka 1907 mtoto wa Gosse, Edmund, katika kitabu alichoandika juu ya baba yake, alisikitika kwamba vidimbwi vya mawe alivyovichezea utotoni vilikuwa vimekwisha kuporwa, na kwamba kitabu cha baba yake kilikuwa na sehemu katika uporaji huo. Namheshimu kwa kulisema jambo hilo waziwazi.

Waliofuata walikuwa mafundi. William Alford Lloyd, aliyeanza kama muuzaji wa wanyama wa baharini mjini London, alijenga mitambo ya nyumba ya samaki ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, kisha ile ya Crystal Palace mwaka 1871. Wazo lake kubwa lilikuwa hodhi la giza chini ya sakafu, lenye maji mengi kuliko yale wanayoyaona watazamaji, na mashine ya kuyazungusha maji hayo bila kukoma. Mwaka 1874 Anton Dohrn alifungua matangi yake kwa watu mjini Napoli. Lakini ukiangalia vizuri, nyumba zote hizi zilikuwa na tabia ya makumbusho. Hapa mkunga, pale kamba, na kila mmoja na kibao cha jina lake. Samaki alikuwa mfano wa aina yake, na mfano mmoja ulitosha.

Samaki wa matumbawe wa bahari za joto walichelewa kuingia katika mambo haya. Walikufa njiani, melini, kwa baridi na kwa maji machafu. Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya vitu viwili vya kawaida kabisa: ndege na mfuko wa plastiki. Miaka ya 1960 ikaongeza cha tatu, chumvi ya kiwandani ya kuchanganywa na maji ya bomba, na mtu anayeishi kilomita elfu kutoka pwani akaweza kuwa na bahari yake. Maarifa ya bakteria nayo yakapata kazi. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavuni, na amonia ni sumu. Mrusi Sergei Winogradsky alikuwa amewatambua bakteria wanaoigeuza tangu mwaka 1890 hivi, lakini ilipita miaka mingi kabla wafugaji hawajajifunza kuwapa bakteria hao makao kwa makusudi. Aliyeonyesha njia nyepesi kuliko zote alikuwa mtu wa Indonesia, Lee Chin Eng, aliyeeleza mwaka 1961 kwamba yeye hutia ndani ya tangi mawe hai yaliyotoka mwambani, pamoja na kila kiumbe kilichojificha humo, kisha akapuliza hewa kidogo tu. Wengi hawakumtilia maanani. Baadaye wafugaji wa Berlin wakajengea utaratibu wao juu ya mawe hayohayo, nao ukapewa jina la mji wao.

Mimi biashara hii niliiona kwa upande wa nyuma. Katika miaka ya 1970 nilikuwa karani wa mizigo kwenye uwanja mmoja wa ndege wa pwani yetu, na usiku wa ndege za Ulaya tulipokea maboksi mepesi meupe yenye samaki hai. Ndani yake ilikuwamo mifuko, na ndani ya kila mfuko samaki mmoja, maji kidogo na oksijeni nyingi. Hati iliandikwa idadi kwa neno linalomaanisha vipande: samaki wa mapambo, vipande 300. Nilishangazwa na neno lile, maana kipande kwetu ni cha nyama, au cha nguo. Usiku mmoja ndege ya shirika ambalo sina haja ya kulitaja haikuja. Maboksi yalilala ghalani hadi saa nane mchana, na waliofunguliwa siku ile walikuwa vipande kweli. Kilichonikaa moyoni zaidi ni samaki mdogo wa rangi ya machungwa aliyekuwamo katika karibu kila shehena. Nilimjua tangu ujana. Ukipiga mbizi kwenye ukingo wa nje wa mwamba, pale mkondo unapopita kwa nguvu, utawaona wakielea juu ya matumbawe kwa mamia, vichwa vyote vikielekea mkondo unakotoka, kama cheche juu ya moto. Hakuna anayewala, kwa hiyo hakuna aliyejali kuwahesabu. Kumwona mmoja peke yake ndani ya mfuko lilikuwa jambo geni kwangu kama kumwona nyuki mmoja ndani ya mzinga.

Jina lake la kitaalamu ni Pseudanthias squamipinnis, naye aliingia katika vitabu kutoka upande wetu huu wa dunia. Wilhelm Peters, Mjerumani aliyekaa Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya kila chenye mapezi, mabawa au magamba, alimweleza mwaka 1855, akamhesabu katika jamii ya chewa. Ni ajabu kumweka samaki mdogo hivi katika jamii moja na chewa anayejaza mtumbwi. Majike ni wa rangi ya machungwa, wenye mstari wa zambarau chini ya jicho. Madume ni wachache, wakubwa zaidi, wa waridi iliyokolea hadi zambarau, na unyoya mrefu mgongoni. Peters, kwa kuwa alikuwa na samaki waliokufa, hakuweza kujua jambo kubwa kuliko yote juu yao.

Wafugaji nao hawakulijua. Waliwanunua wakiwa dume mmoja hapa na majike wawili pale, wakawatia tangini na wengine kumi wa aina kumi, na baada ya miezi michache walikuwa wamekwisha. Sababu moja ilikuwa njaa. Samaki huyu hula vijidudu vinavyopita na mkondo, mchana kutwa, kidogo kidogo, na mlo mmoja wa jioni haumtoshi. Sababu ya pili ilikuwa fujo. Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alifungua kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya ugomvi wa wanyama kwa samaki wa matumbawe aliowatazama baharini Florida na ndani ya matangi yake. Aliona kwamba samaki wenye rangi kali kama mabango humvumilia jirani wa aina nyingine, lakini wa aina yao humfukuza mpaka kufa, kwa kuwa katika kioo aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Wafugaji wakachukua fundisho hilo kama sheria: kila aina, mmoja. Nadhani walilichukua mbali mno, maana mwambani wapo samaki wasioweza kuishi hata siku moja bila wenzao.

Lakini kununua wengi nako hakukuwa dawa. Hadithi ya samaki wadogo wa kijani-buluu waitwao Chromis viridis, ambao pia wamo pwani yetu, inajulikana na kila mfugaji. Huja wanane, wakapendeza wakiogelea pamoja kwa hofu ya ugeni. Hofu ikiisha, wanaanza kupangana. Baada ya wiki kadhaa wapo saba, kisha sita. Wa chini kabisa ndiye anayefukuzwa kwenye chakula, na akifa, aliyekuwa juu yake ndiye wa chini sasa. Mwisho hubaki mmoja au wawili, wanono. Ukiwa na tangi dogo, ngazi ile huwa fupi na mapigo yote humwangukia mtu mmoja. Baharini ngazi ipo vilevile, ila mapigo hugawanyika kwa wengi, na aliyechoka anao mwamba mzima wa kujificha.

Aliyefungua fumbo la samaki wetu wa machungwa alikuwa Lev Fishelson wa Tel Aviv, mwaka 1970, kwa kutazama samaki wa Bahari ya Shamu. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa majike. Dume akiondolewa, jike mmoja, kwa kawaida yule mkubwa, huanza kujivuna kama dume, kisha hubadili rangi, na katika muda wa wiki chache huwa dume kamili, mwenye kutoa mbegu. Miaka kumi baadaye Douglas Shapiro alikwenda mbali zaidi. Aliondoa madume kadhaa kwa mara moja kutoka katika makundi makubwa, na majike wa idadi ileile wakageuka. Hawakugeuka pamoja, walifuatana, mmoja baada ya mwingine, kwa kupishana siku mbili hivi. Ningependa msomaji asimame hapo kidogo. Kundi lilijua limepungukiwa na wangapi, likawajaza kwa zamu. Yule dume aliyefungwa katika mfuko wake ghalani kwetu alikuwa ameacha nyuma nafasi, nayo bila shaka ilikwisha kujazwa kabla hati zake hazijafika Ulaya.

Kuna kundi la namna nyingine, lile la dagaa, ambalo hugeuka lote kwa pamoja kama kitambaa kinachopepea. Tony Pitcher na wenzake walionyesha mwaka 1976, katika tangi kubwa la mviringo huko Aberdeen, kwamba samaki aliyefungwa macho anaweza kubaki ndani ya kundi la namna hiyo, kwa kuhisi mitikisiko ya maji kwa mstari wake wa ubavuni. Ni elimu nzuri, lakini dagaa ni askari wa gwaride. Samaki wetu wa machungwa ni mtaa, una wakubwa na wadogo, mabinti wanaosubiri zamu na wazee wanaolinda pembe yao ya jiwe. Gwaride huhitaji nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo lilipatikana kwanza katika matangi makubwa ya umma, kama lile lililofunguliwa Florida mwaka 1938, au tangi la matumbawe la Townsville, Australia, la mwaka 1987, lenye lita milioni 2.5. Mtaa ungeweza kukaa nyumbani kwa mtu, kama mtu huyo angeelewa kuwa ni mtaa.

Mtu wa namna hiyo nilimwona mwaka 2009, nilipokwenda Berlin kumtembelea binti yangu. Chini ya nyumba yake aliishi dereva wa treni mstaafu, na ukumbi wake wote ulikuwa tangi moja la urefu wa meta tatu, upana meta moja na kina meta moja. Alinipigia hesabu, binti yangu akitafsiri: lita 3,000, gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani kilo 105 za chumvi, na uzito wa maji peke yake zaidi ya tani tatu. Ndiyo maana alihamia ghorofa ya chini, juu ya saruji. Mkewe, aliniambia, alikubali kuhama kwa sharti kwamba mlio wa pampu usisikike chumbani.

Alikuwa amenunua samaki kumi na sita wa machungwa mwaka 2004, wote wadogo, wote majike, akawaingiza siku moja saa moja, taa zikiwa zimezimwa, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni. Dume hakununua. “Dume watajichagulia,” alisema. Baada ya miezi minne walikuwa naye. Watatu walikufa mwaka wa kwanza, wawili baadaye, na tangu hapo hakupungua mtu. Mashine ndogo iliyounganishwa na jokofu ilimwaga chakula mara sita kwa siku, na pampu mbili zilipokezana kusukuma maji kutoka ncha moja hadi nyingine, ili mkondo ugeuke kama maji kujaa na maji kupwa. Mkondo ulipogeuka, samaki wote kumi na mmoja waligeuza vichwa. Sikuwa nimeliona hilo tangu nilipoacha kupiga mbizi, na sikutegemea kuliona nikiwa nimevaa koti la baridi.

Walikuwapo madume wawili, kila mmoja na ncha yake. Wa pili alijitokeza mwaka wa tatu, na mzee alikaa wiki nzima na nyavu mkononi akidhani itabidi amtoe mmoja. Hakumtoa. Rundo la mawe katikati ya tangi liliwazuia kuonana muda mwingi, na majike walijigawa wenyewe. Katika tangi la meta moja na nusu, alisema, mmoja angekuwa amekufa.

Nilimwuliza kama haoni uchungu kuwaweka humo. Hakukasirika. Alisema baharini wengi wao wangekuwa wameliwa kabla ya miaka mitano. Jibu lake ni la kweli, ila halikunitosha, kwa kuwa mzee alikuwa akizungumza juu ya waliofika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria samaki wa bahari milioni 20 hadi 24 wanaouzwa kwa ajili ya matangi kila mwaka, na huko Ufilipino tangu miaka ya 1960 wapo waliokamatwa kwa kuleweshwa na sumu ya sianidi, inayoua na matumbawe. Kwa upande wa pili siwezi kumlaumu kijana wa pwani yetu anayeshuka na kijavu cha mkono. Anapata riziki kwa samaki asiyeliwa, na mwamba ukifa yeye ndiye wa kwanza kukosa kazi. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa, aliyefanya hivyo hakuwa na kijavu. Ninachokidai ni kidogo: anayewanunua awanunue kama mtaa au asiwanunue kabisa. Mmoja mmoja, kwa rangi, ni kurudi kwenye gunia la mchuuzi. Wapo samaki wa matangi wanaozalishwa na binadamu tangu miaka ya 1970, lakini watoto wa samaki huyu ni wadogo mno na wagumu kulisha, na karibu wote wanaouzwa bado hutoka mwambani.

Jioni ile taa za tangi zilififia polepole kwa muda wa saa nzima. Mzee alisogeza kiti, akaniambia huo ndio wakati wa kuwahesabu, kwa maana mchana hawatulii. Kila mmoja ana tundu lake, na huingia kwa mpangilio, wadogo kwanza, madume mwisho. Alitaja idadi kwa Kijerumani, kwa sauti, hadi elf. Kisha akatoa karatasi ndani ya mtoto wa meza, na binti yangu akanisomea. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane na hakuwa na mtoto anayetaka kazi ile. Nyumba moja ya samaki ya umma mjini humo ilikuwa imekubali kuwachukua siku atakapokufa au kushindwa, na yeye alikuwa ameongeza sharti kwa mwandiko wake: wachukuliwe wote, siku moja, pamoja na mawe yao.